Krismasi Hupandwa Oktoba

(Maneno haya niliyasema Jumamosi moja ya Oktoba, Nyegezi, jijini Mwanza, mbele ya wapambaji wa kanisa, wanakwaya na majirani. Wengi waliniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka, nimepunguza tu pale nilipojirudia.)

Mwangaluka!

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na asalaam aleikum pia, maana namwona jirani yangu wa ukuta mmoja pale mstari wa pili, na yeye ndiye aliyenipa mbegu za zinia mwaka juzi, kwa hiyo kikao hiki ni chake kuliko mnavyodhani.

Mwenyekiti wa mtaa, wazee wa kanisa, mama zangu, kaka zangu, na ninyi wanakwaya mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, asanteni kwa kuja. Nilipotuma ujumbe kwamba nitazungumzia mapambo ya Krismasi, mmoja wenu alinijibu, "Mwalimu, Siku ya Nyerere yenyewe bado, wewe umeshafika Desemba?" Ndiyo, nimeshafika. Anayenunua Krismasi huinunua tarehe 23 Desemba, kule mjini kwenye msongamano, jua la saa saba, mkono mmoja umeng'ang'ania pochi. Anayeipanda anaipanda sasa, mvua za vuli zinapoanza. Na mimi leo nimekuja kuwashawishi muipande.

Tukitoka hapa, tazameni ule mti mkubwa ng'ambo ya barabara. Umeanza kutoa vitumba. Sisi wenyewe tuliupa jina la sikukuu, tukauita mkrismasi. Kwao ni Madagaska, si hapa, lakini jina hilo hatukuletewa na mtu. Tuliuangalia kalenda yake. Kiangazi unakaa uchi, vuli ikianza unavaa nyekundu, na Noeli ikifika barabara nzima imewaka. Sasa niambieni, mtu mwenye mti wa namna hiyo getini kwake anakwenda kununua waya uliosokotwa nailoni ya kijani ili apate nini?

Okota ua moja la mkrismasi ulitazame vizuri. Petali ni tano. Nne ni nyekundu tupu. Ya tano, ile iliyosimama, ina weupe na manjano na madoa mekundu, kama mtu aliyemwagiwa mchuzi kwenye kanzu mpya. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na kila mwaka nilikuwa natuma watoto wakaokote maua hayo, na kila mwaka walikuwepo waliokuwa wamepita chini ya mti ule tangu wazaliwe bila kujua kwamba petali moja haifanani na wenzake.

Lakini kuna jambo mnapaswa kujua mapema. Tawi la mkrismasi halipendi kukatwa. Ukiliweka kwenye jagi asubuhi, jioni utakuwa unafagia. Njia yake ni kuokota yale maua yaliyoanguka usiku, alfajiri, yakiwa bado mazima, ukayaweka yaelee juu ya maji kwenye beseni pana, ukaliweka mlangoni pale wageni wanapovulia viatu. Jioni unayamwaga. Kesho unaokota mengine. Mti unaangusha kila siku na haukudai kitu.

Sasa niwape aibu yangu, maana bila hiyo mtadhani nimezaliwa najua.

Mwaka mmoja, nikiwa bado nafundisha, nilipewa kazi ya kupamba altare kwa ajili ya mkesha wa Noeli, katika kanisa moja ambalo silitaji. Fedha ya maua ilikuwa haipo. Nikawaza, maua ya bure yako wapi? Nikaangalia ziwani. Gugumaji lilikuwa limejaa ufukweni, limechanua lote, zambarau mpaka unasikia macho yanapoa. Nikawatuma vijana wawili na mtumbwi alfajiri ya tarehe 24. Kufika saa tatu asubuhi altare ilikuwa inang'aa. Mmewahi kulitazama ua la gugumaji kwa karibu? Petali ya juu ina jicho la njano katikati ya doa la bluu, kama unyoya wa tausi. Padre alipita, akasimama, akasema, "Mwalimu, hapa umefika." Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Saa tatu usiku tukaingia kwa mkesha. Maua yote yalikuwa yameinamisha shingo kwa pamoja, kama darasa lililoulizwa hesabu. Hakuna hata moja lililokuwa limefunguka. Mama mmoja wa kwaya akaninong'oneza, "Mwalimu, maua yako yanaungama?" Nilikosa pa kuficha uso. Baadaye ndiyo nikajifunza kwamba ua la gugumaji maisha yake ni siku moja. Linafunguka asubuhi, usiku linanyauka, na kikonyo chenyewe kinapinda kurudi chini. Hata ungeliweka kwenye maji ya baraka lisingebadilika.

Na kuna ubaya mwingine kuliko aibu yangu. Gugumaji ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, lilionekana katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi waliopo hapa wanajua lilichowafanyia. Kipande kidogo chenye mizizi kinaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili au chini ya hapo. Kwa hiyo asije mtu akalipeleka bwawani kwake au kwenye bustani yake ya maji kwa sababu linapendeza. Likiwa hai, liacheni.

Likiwa limekauka, hiyo ni habari nyingine. Vikonyo vyake vikianikwa juani vinakuwa kama ukili. Akina mama wengi wa ziwa hili wanavisuka vikapu. Mimi navisuka mduara, kipenyo cha sinia la ubwabwa, na huo unakuwa msingi wa shada la Majilio, yale majuma manne ya kungoja Krismasi. Juu yake nafunga majani ya mkrotoni na mishumaa minne, basi. Wanaosema shada lile lazima linunuliwe dukani niwakumbushe lilivyoanza. Mwaka 1839, kule Hamburg, Ujerumani, mchungaji mmoja aitwaye Johann Hinrich Wichern alikuwa analea watoto maskini, nao walikuwa wakimsumbua kila siku kumwuliza Krismasi ni lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa minne mikubwa ya Jumapili na mingine midogo ya siku za katikati, ili watoto wahesabu wenyewe. Hakuagiza kitu popote. Alichukua kilichokuwa uani.

Na pango la Mtoto Yesu ni hivyo hivyo. Fransisko wa Asizi alipolitengeneza kule Greccio mwaka 1223 alitumia nyasi halisi, ng'ombe na punda. Sisi Mwanza, mji unaojengwa juu ya majabali, tunatengeneza pango kwa karatasi za kaki zilizokunjwakunjwa tukazipaka rangi ya majivu ili zifanane na mawe! Mawe hayo hayo yapo nje ya dirisha. (Kicheko.) Nacheka na mimi, maana nimeshazikunja sana karatasi hizo.

Tuje kwenye mgomba, ambao ndio ufundi wenyewe niliotaka kuwaachia leo.

Wapambaji mnaijua ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua. Inafanya kazi vizuri, sikatai. Lakini ni plastiki. Ukiibana kidole inageuka unga, unga unaoshwa na maji, maji yanaingia mtaroni, ukiwa mjini mtaro unaingia mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Na ziwa hilo ndilo tunalokunywa. Babu zetu walikuwa na sponji yao. Mgomba ukishatoa mkungu, shina lile halizai tena, linangoja kufa. Likate kipande cha dhiraa moja. Menya maganda ya nje yenye matope na wadudu, ganda kwa ganda, mpaka ufike penye weupe unaong'aa kama kaure. Bonyeza kidole utasikia maji. Sasa chukua kijiti cha mshikaki, toboa tundu, chomeka kikonyo cha ua mpaka kikamate. Ukitaka kipande kilale, kitie vigingi viwili chini kisibingirike. Ukitaka kisimame, kata chini pawe sawa, ukiweke kwenye sahani yenye maji kidogo.

Maua yatakaa humo siku mbili, tatu, bila kukulalamikia. Siku ya nne shina linaanza kunuka uchachu, litoe ulipeleke kwa mbuzi au kwenye mboji. Na jambo moja ambalo nisiposema mtarudi kunilaumu: utomvu wa mgomba ukigusa nguo ni doa la milele. Vaa kanga ya shambani. Dada mmoja hapa, simtaji, alikuja kupamba na sare ya kwaya.

Haya, mti.

Wengi tunatumia mvinje, na ni sawa, ingawa kwao ni pwani na si huku ziwani. Unavumilia mchanga na unakua haraka. Watu wanadhani ni ndugu wa msindano. Sio. Chukua kile kinachoonekana kama sindano ukivute taratibu. Kitakatika kwenye kifundo, safi kabisa, na unaweza kukirudishia kikakaa kama hakikukatika. Watoto wanacheza hivyo, mmoja anachomoa na kurudishia, mwenzake anabahatisha kimekatika wapi. Hiyo sindano ni kijitawi. Majani yenyewe ni yale meno madogo madogo kwenye kifundo, yanayoonekana ukikaza macho.

Tabu ni namna tunavyoutumia. Tunakata tawi kubwa au mti mzima tarehe 15, tunausimamisha kwenye ndoo ya mawe bila maji, na kufika tarehe 25 umekauka. Kwangu mwaka mmoja ulipukutika kwenye pilau. Wageni wakala, wakadhani ni viungo. Lakini pilau si hoja. Hoja ni kwamba mvinje mkavu unashika moto kama karatasi, na Krismasi umeme ukikatika tunawasha mishumaa na kuiweka wapi? Chini ya mti, ili tuuone. Naomba tuache hilo.

Nunua mche, au uchukue hapa leo. Uweke kwenye ndoo ya lita 20 iliyopasuka mdomo, maana kila nyumba inayo, itoboe chini matundu matano. Udongo wa juu wenye rutuba sehemu tatu, samadi iliyooza sehemu mbili, mchanga sehemu moja. Samadi mbichi itauunguza. Ukae nje, penye jua. Mche wa leo hautafika darini ifikapo Noeli, utakuwa kiunoni pengine, na watoto watalalamika. Uwekeni juu ya stuli. Ndani ya nyumba usikae zaidi ya wiki moja au siku kumi, karibu na dirisha, na maji kila udongo unapokauka juu. Taa ndogo za umeme zinawekwa, lakini ziwe zile zisizopata moto. Tena mnaokaa karibu na ufuko mnajua taa usiku zinaita nini: wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Zimeni mapema au mfunge madirisha.

Baada ya sikukuu, utoe kwanza kivulini siku chache, halafu juani. Kama ardhi bado ina unyevu, upande Januari. Kama mvua imekatika, usiulazimishe, uendelee kukaa kwenye ndoo hadi masika, mwezi wa tatu. Nyumbani kwangu ipo mivinje minne iliyokuwa miti ya Krismasi, na mmoja ndio tunaofungia kamba ya nguo.

Mwenye mti wa plastiki ndani asiutupe leo kwa sababu yangu. Ameshaununua, autumie mpaka uishe manyoya. Ninachoomba ni asinunue wa pili.

Sasa lile ua jekundu linalouzwa kwenye vyungu, poinsetia, ambalo wengine mnaliita ua la Krismasi. Kwao ni Meksiko, na jina hilo linatokana na Joel Poinsett, mjumbe wa Marekani aliyepelekwa huko miaka ya 1820. Ule wekundu sio ua, ni majani. Ua lenyewe ni zile chembe za njano katikati. Na majani hayo hayageuki mpaka mmea upate usiku mrefu, wa giza kweli. Ulaya wakati huu usiku unarefuka wenyewe. Sisi tuko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta. Usiku wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na Desemba unapungua dakika chache badala ya kuongezeka. Kwa hiyo lazima tuusaidie.

Jirani yangu alikuja kulalamika kwamba lake lina afya, limenawiri, lakini kijani tu, miaka miwili. Tukaenda kuangalia. Limesimama getini, chini ya taa ya ulinzi inayowaka mpaka asubuhi. Mmea ule haujawahi kulala! Tukalihamisha, na tangu wiki ya pili ya Oktoba tukawa tunalifunika boksi la kadibodi kila siku saa kumi na moja jioni, tunafunua saa moja asubuhi. Hesabuni, ni saa 14 za giza. Mchana lilikuwa juani. Mjukuu wake ndiye aliyepewa zamu ya boksi, na akisahau siku moja bibi yake anasikika mpaka kwangu. Mwanzo wa Desemba lilianza kupata wekundu kwenye mishipa ya majani ya juu, likaendelea. Anayetaka aanze usiku wa leo, hana siku nyingi za kupoteza.

Utomvu wake mweupe unawasha ngozi, osha mikono. Ukikata tawi la kuweka kwenye maji, pitisha ncha kwenye moto wa kibiriti sekunde chache utomvu uzibe, vinginevyo litanyong'onyea. Na nikiwa kwenye utomvu: kuna watu wanakata minyaa ya kwenye uzio kwa sababu ina umbo zuri la matawi. Msifanye hivyo, hasa penye watoto. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mbegu nitazipitia haraka, maana mnazijua. Zinia na kosmosi zikisiwa wiki hii zitachanua baada ya siku 60 hivi, yaani mnaona wenyewe zinaangukia wapi. Bogenvilia mnamwagilia mno. Ikipata maji mengi inatoa majani tu, na vuli hii itaifanyia hivyo hivyo. Iliyo kwenye chungu isogezeni upenuni, ionje kiu kidogo, mtaona. Haibiskasi haina haja hata ya maji, ua lake ni la siku moja ukilikata usipolikata. Lilaze mezani tu. Mkrotoni ndio mfanyakazi wangu. Majani yake kwenye maji yanakaa wiki na wiki.

Kata maua alfajiri, kabla jua halijayachosha, yatumbukize kwenye ndoo ya maji hapo hapo bustanini. Kata ncha kwa mshazari. Ng'oa majani yote yatakayozama. Badilisha maji kila siku, au angalau kila siku ya pili, maana maji yaliyosahauliwa kwenye chombo cha maua ni leba ya mbu. Na mezani Krismasi tunaweka nini, msimu huu? Maembe. Embe linaloiva linatoa hewa inayoharakisha maua kunyauka, na ndizi mbivu vilevile. Kama sinia la maembe lipo kati ya meza, maua yaende kwenye kabati.

Mambo mawili ya ziwa na shamba, halafu niwaachie. Mafunjo, ile mimea mirefu ya kandokando ya ziwa, yanapendeza kanisani, nakiri, nimeyatumia. Sasa nimeacha. Yanachuja matope kabla hayajaingia ziwani na samaki wanajificha humo kuzaa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazilinda zile mita 60 za ufuko. Tukiyakata kila parokia na kila usharika kwa wiki moja, mnapata picha.

Na theluji. Watoto wetu wanataka theluji juu ya mti, kwa sababu wameiona kwenye televisheni, na tunakwenda duka la dawa kununua pamba iliyoviringishwa kwenye karatasi ya bluu. Jamani, sisi ni Usukuma! Ndugu zenu Magu, Kwimba na Misungwi wanalima pamba. Ombeni mafundo machache yaliyopasuka, yenye magamba yake ya kahawia, myafunge kwenye mvinje kwa uzi. Hakuna theluji nzuri kama hiyo, na mtoto anajifunza babu yake alisomesha watu kwa zao gani. Mbegu zake ziwe zimetolewa, na mishumaa ikae mbali. Vijiti vya mpamba msilete. Masalia ya shambani yanapaswa kung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno, kwa ajili ya funza wa vitumba, na anayeyahifadhi kwa ajili ya urembo anawahifadhia funza nyumba.

Nimemaliza. Miche iko pale chini ya mwembe: mivinje 40, vipande vya poinsetia vilivyokwisha kushika mizizi, na mbegu za zinia kwenye bahasha, za jirani yangu hizo, mshukuruni yeye. Mche mmoja kwa kaya. Wanakwaya, ninyi ni kaya moja leo. Viriba msivitupe, nirudishieni Jumapili. Na yule aliyevaa sare ya kwaya aje kwangu kwanza, nina kanga ya ziada.